VX ya oto, trela nzito, na gereji ya Ndeeba iliyonitengenezea gia boksi

Niseme mapema mjue naelekea wapi: kazi ni nzuri, bei inauma, na kama gari yako haivuti kitu kizito hizi pesa usizitoe, nunua boksi ya used kwenye soko la spea la Kisekka uendelee na maisha yako. Lakini kama unavuta, soma mpaka chini.

Gari ni Land Cruiser 100, ile kila mtu Kampala anaita VX, injini 1HD-FTE, diseli ya lita 4.2 yenye tabo (turbo), gia boksi A442F ya gia nne. Sio ile ya gia tano waliyoanza kuweka baadaye, kuanzia 2002 hivi. Mita inasoma zaidi ya kilomita 400,000, na izo tunazojua ni za hapa Uganda, kule Japani ilitembea ngapi anajua aliyeiuza. Kazi yake ni kuvuta. Kompresa ya hewa, jenereta ya magurudumu, saa zingine trela ya mabomba na vyuma vya kuchomelea. Tunaenda sana Hoima na Buliisa kwenye kazi za mafuta, mara moja moja Kabale. Trela ikijaa inakaribia tani tatu, na kiwanda kimeipa hii gari mwisho tani tatu na nusu kama trela ina breki zake yenyewe, yani hatujavuka mstari lakini pia hatuko mbali nao.

Mtu ataniuliza kwa nini usiuze tu ununue nyingine. Ndugu yangu, nyingine iko wapi? Tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 15, na hizi 100 za mwisho kabisa zilitoka kiwandani 2007. Kwa hiyo zilizopo nchini ndizo izo izo zinazungushwa, ukinunua ya mwenzako unanunua matatizo yake juu ya yako. Na Land Cruiser 200, iliyofuata hii, ikiwa nzuri bei yake ni kiwanja.

Dalili zilianzia barabara ya Kaiso-Tonya. Wanaoijua wanajua, lami safi kutoka Hoima, alafu unafika pale bonde linapofunguka unateremka mpaka ziwani. Ziwa Albert liko kama mita 615 juu ya usawa wa bahari, Hoima mjini iko juu ya 1,100, sasa hesabu mwenyewe mtu anayerudi na trela kutoka chini anapanda nini, na kule chini jua lake sio jua la Kampala. Gari ikawa ukikanyaga injini inalia, sindano ya mzunguko inapanda, spidi haiongezeki. Inaruka kutoka ya nne kwenda ya tatu, inarudi ya nne, inarudi ya tatu, haitulii. Ukisimama juu unasikia harufu ya kitu kimeungua, sio breki, breki harufu yake tunaijua.

Gereji ya kwanza niliyopita (sio hii ninayoisifu, na jina naliacha) walichomoa dipstick, wakanusa, wakaniambia tumwagie dawa ya kufanya oili iwe nzito itapona. Sikukubali. Oili ya oto sio ya kulainisha peke yake, ndio inayosukuma kila kitu mle ndani, ndio inayobana klachi, ndio inayozungusha konvata (ile inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye boksi), ndio inayobeba joto kulipeleka nje. Ukiifanya nzito kwa dawa umebadilisha kila presha ambayo kiwanda kilipima.

Ndio nikapelekwa Ndeeba, hapa hapa Kampala. Gereji haina kibao. Unaingia kwa ndani upande wa Masaka Road, unapita wale wa mbao na wa springi za lori, unauliza fundi wa gia boksi za oto, utaonyeshwa. Mwenyewe ni Hajji mmoja mtu mzima, mpole, anaongea Kiswahili kizuri kuliko cha wengi wetu, ana vijana watatu wanne hivi. Mabati juu, sakafu ya simenti. Kwa macho hutaipa hata jenereta ya kumwagilia bustani.

Alichonifurahisha ni kwamba hakugusa spana kwanza. Aliniuliza unavuta nini, uzito gani, barabara gani, nani anaendesha, O/D (ovadraivu, ile gia ya nne) mnazima au mnaacha. Alafu akasema kitu kimoja ambacho mimi ndicho kilinifanya nimwachie gari: "Mimi boksi ya kuvuta siifungui kama mtu hataki kununua rejeta yake ya oili. Kama unataka boksi bila rejeta, peleka kwingine, sitakukasirikia."

Sababu yake ni hii, na nieleze vizuri kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa zote zilipoenda. Joto kwenye oto linatoka sana sana kwenye konvata. Konvata inapokuwa haijafunga, injini inapiga oili upande mmoja, oili inapiga upande wa pili, na ile tofauti ya mzunguko yote inageuka joto. Ndani ya konvata kuna klachi ambayo ikibana, injini na boksi zinakuwa kitu kimoja na joto linashuka. Sasa kwenye gari yangu ilikuwa inabana ikiwa gia ya nne tu na spidi imetulia. Unapopanda na tani tatu uko ya pili au ya tatu, haibani hata kidogo, unapika oili kwa nusu saa nzima. Mafundi wana hesabu yao ya kukadiria, kwamba ukishapita joto la kawaida kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata maisha ya oili nusu. Oili ikishakufa sili zinakuwa ngumu, presha inavuja, klachi zinateleza, zikiteleza zinaongeza joto tena. Ni duara.

Wengi wetu tukisikia kuboresha gia boksi tunafikiria vyuma vizito. Hajji alipofungua, vyuma vilikuwa vizima! Meno ya gia safi, shafti safi. Mjapani alijenga hio kitu. Kilichokufa ni laini laini: sili zimekauka zinavunjika ukizikunja, bushi zimelegea, na plati za klachi. Alinipa plati moja nikaishika. Ile karatasi ya msuguano inatakiwa kuwa ya kahawia, yangu ilikuwa nyeusi inang'aa, ukipitisha kucha haikwaruzi chochote, na plati ya chuma inayokaa jirani yake ina madoa ya bluu duara duara pale ilipochomeka. Sampu, lile bakuli la oili chini ya boksi, ilikuwa na sumaku zake mbili zimefunikwa unga wa kijivu, hio alisema ni kawaida ya umri, lakini chini ya unga kulikuwa na vipande vyeusi na hio sio kawaida.

Alichofanya, kwa jumla. Ovahoo kamili, plati mpya zote na sili zote, na bushi. Valvu bodi, ile sehemu inayogawa presha ya oili kuamua gia ipi iingie, tuliagiza Australia iliyoboreshwa, kwa sababu wale jamaa wanavuta karavani na hizi hizi Land Cruiser jangwani kwao, wana soko zima la vitu hivi. Hio valvu bodi inapandisha presha na kufupisha ule muda wa kubadilisha gia, klachi inabana mara moja badala ya kujivuta vuta. Konvata pia ya huko huko, klachi yake ya ndani ni kubwa kuliko ya kiwanda. Alafu kifaa kidogo cha umeme na swichi ya kwenye dashibodi, dereva anaweza kufunga konvata akiwa gia ya tatu anapopanda. Rejeta ndogo ya oili ya plati plati mbele ya kondensa ya AC, na feni yake inayojiwasha joto likipanda. Na geji ya joto.

Kuhusu geji, sikilizeni. Sensa aliifunga kwenye bomba linalotoka boksi kwenda kwenye rejeta, yani anapima oili inavyotoka kwenye konvata ikiwa moto kabisa, sio kwenye sampu ambako imeshachanganyika na iliyopoa. Kwa hiyo ukiona namba zangu usilinganishe na za jirani mwenye sensa kwenye sampu, yake itasoma chini na bado anaweza kuwa anaungua.

Na rejeta ya zamani, ile oili inapita ndani ya tenki la chini la rejeta ya injini, aliikata kabisa. Nilibisha kidogo hapo maana ilikuwa inafanya kazi. Akasema mambo mawili. Moja, boksi ikishakula klachi, ule uchafu umeingia mle kwenye vijinjia vidogo na hakuna namna ya kuutoa wote, siku moja utarudi kwenye boksi mpya. Pili, rejeta yenye umri huo ikitoboka kwa ndani, maji ya injini yanaingia kwenye oili, unachomoa dipstick unakuta chai ya maziwa, na hapo klachi mpya zote zimekwisha kwa sababu gundi ya zile karatasi haipatani na maji. Hapa kwetu hakuna baridi ya kuhitaji rejeta ya injini ipashe oili. Kabale asubuhi labda, na hata huko ni kuendesha taratibu kidogo mpaka ipate moto.

Nilikaa pale siku ya kuunganisha valvu bodi kwa sababu nilitaka kuona. Meza ameifunika karatasi mpya. Hakuna kijana anayeruhusiwa kufuta kitu na matambara ya kawaida, uzi mmoja tu ukikwama kwenye valvu gia inakataa kuingia na utatafuta ugonjwa mwezi mzima. Vile vigololi vidogo aliviweka kwenye vifuniko vya soda, kila kifuniko kimeandikwa namba kwa kalamu. Boliti alikaza zote na spana ya kupima nguvu, akianzia katikati kwenda nje, na hakupokea simu. Jirani yake wa springi alikuwa anapiga nyundo ukuta wa pili mpaka vumbi linashuka kwenye bati, Hajji akatuma kijana akaombe wasimame kidogo, na wakasimama kweli! Sijaona hio heshima gereji za vioo na mapokezi ya AC.

Baada ya hapo. Geji njia ya Hoima tambarare na trela inakaa kwenye nyuzi 85 mpaka 90. Kupanda kutoka ziwani, konvata imefungwa gia ya tatu, inafika 105 hivi alafu inashuka yenyewe ukifika juu. Siku ya kwanza nilimwambia dereva apande bila kubonyeza swichi ili tuone, sindano ikapita 120 hata hatujafika nusu, tukaacha mchezo. Kwa hiyo rejeta peke yake, bila kufunga konvata, inasaidia lakini haimalizi. Na kinyume chake pia. Vinaenda pamoja, anayekuuzia kimoja akasema kinatosha mwulize anavuta nini.

Kuteremka ndio raha ambayo sikuitarajia. Zamani ukiachia mafuta gari inakimbia tu, trela inakusukuma mgongoni, unakaa kwenye breki mpaka chini. Sasa konvata ikifungwa gia ya tatu injini inashika gari kweli, dereva anagusa breki kwa nafasi. Dereva wetu ni mtu wa manyuali tangu ujana wake na oto alikuwa anaidharau, sasa hivi ndiye anayewaonyesha wenzake swichi.

Kasoro zipo. Kubadilisha gia sasa unakusikia. Ya kwanza kwenda ya pili ukiwa huna trela na gari bado ya baridi inagonga, bibi akipanda anauliza nani ametugonga nyuma. Hajji anasema ndio bei ya presha, na nimewauliza wengine wenye valvu bodi kama hizi wanasema hivyo hivyo. Kama gari ni ya familia kwanza na trela mwishoni mwa mwezi, hio itakuchosha. Swichi nayo inataka dereva anayesikia, usipoiachia kabla ya kusimama injini inatetemeka na inaweza kuzima, kifaa chetu kinajiachia ukikanyaga breki lakini huwezi kumpa gari mtu yeyote tu akaenda nayo. Mafuta ya diseli sijaona tofauti ya kusimulia.

Na gereji yenyewe. Muda. Aliniambia wiki mbili, ikawa zaidi ya mwezi, nusu kusubiri mzigo utoke Australia na hio simlaumu, nusu kwa sababu yeye hakubali mtu mwingine afunge boksi na yeye ni mmoja. Risiti ni ya mkono kwenye kitabu, mstari mmoja, "gia boksi VX", ukitaka mchanganuo wa kampuni au wa bima itabidi ukae naye umwandikie wewe aweke sahihi. Garanti ni mdomo wake. Mpaka sasa mdomo umesimama, sili ya nyuma ilitoa jasho kidogo akabadilisha bila kuniambia habari ya pesa, lakini mdomo ni mdomo.

Bei yote iligonga kama milioni 14 za Uganda, zaidi ya nusu ni vitu vya nje na kuvisafirisha na ushuru wake. Boksi ya used ya Japani nilikuwa nimeulizia kama milioni 4 na kufunga. Hapa watu watagawanyika na sawa. Lakini boksi ya used ina umri ule ule wa gari yangu, sili zake ni kavu zile zile, na ningeiweka kwenye rejeta ile ile chafu. Kwa mtu wa mjini ni chaguo zuri kabisa, itamfikisha. Kwa trela ya tani tatu kupanda kutoka Kaiso, mimi naona ni kununua ugonjwa ule ule mara ya pili kwa bei nafuu.

Kama milioni 14 huna, nilimwuliza Hajji mtu aanzie wapi wakati boksi yake bado nzima. Akasema rejeta na geji kwanza, kabla ya kitu chochote, na oili ibadilishwe. Kubadilisha oili kwenye boksi ya kilomita nyingi watu wanaogopa, wanasema ukiigusa inakufa. Yeye anasema anayekufa alikuwa ameshakufa, klachi zilizokwisha zilikuwa zinashikwa na ule uchafu. Anachokataa ni mashine ya kusukuma yote kwa presha, yeye anamwaga ya kwenye sampu, anaongeza mpya, unatembea nayo, unarudi anamwaga tena, mpaka inatoka nyekundu. Na aina ya oili soma kwenye dipstick yenyewe imeandikwa, usimwulize muuza duka.

Kingine msisahau, boksi ngumu haiongezi uzito ambao gari inaruhusiwa kuvuta. Tani tatu na nusu inabaki tani tatu na nusu, breki ni zile zile, chesisi ni ile ile. Nimeshaona mtu anauliza kama akiweka hii valvu bodi anaweza kuvuta ekskaveta. Hapana ssebo, tafuta lobedi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya muda na ile risiti. Mkienda, nendeni asubuhi na gari ikiwa imepoa ili aipime ikiwa baridi kwanza, na mkiweza nendeni na trela yenu maana atataka kuiona. Ijumaa anafunga saa sita, anarudi jioni kama kuna kazi ya haraka.